Nafasi ya Kushoto kwa Ornella

Kosa lilikuwa la Papa Gustave. Asingefungulia bafle zake mpya, zile spika kubwa, Jumamosi ile katikati ya soko kuu la Bunia, samaki wa chumvi wasingemwagika, na Ornella angefika kwao na moyo wake mzima.

Papa Gustave anauza redio karibu na washonaji. Asubuhi hiyo alipanga bafle ndefu kama milango mbele ya duka, akapandisha sauti. Ulikuwa muziki ule wa kucheza kwa mstari, ambao hakuna arusi ya Bunia inayopita bila huo. Ornella alikuwa anakatiza na furushi la vitambaa kichwani, amevaa kikwembe cha njano chenye ndege wa bluu, nywele zimesukwa kurudi nyuma. Alijikaza. Mashine yake ya kushona ilikuwa inamngoja na kazi za watu. Lakini miguu yake ina kichwa chake yenyewe: kulia, funga, kushoto, funga, nyuma, nyuma, piga kisigino. Muuza vitunguu akasimama upande wake. Akafuata mwanafunzi na begi mgongoni, kisha polisi wa barabarani na firimbi yake mdomoni. Papa Gustave anageuka hivi, mstari umeshafika kwenye meza za samaki.

Kwa asiyejua, mchezo huu hauna kushikana wala kuangaliana. Watu wanasimama kwa mistari, wote macho mbele, hatua moja. Wimbo ukifika mahali pake, wote wanageuka kulia kwa pamoja na kuangalia ukuta mwingine. Ukikosea kugeuka, unajikuta uso kwa uso na jirani.

Wote waligeuka kulia. Kijana mrefu wa ovaroli ya bluu, aliyekuwa ameingia mkono wa kulia wa Ornella, akageuka kushoto.

"Weye unaenda wapi?" Ornella akamwuliza. Pua zao zilikuwa karibu kugusana, na kijana alinuka mazutu ya injini na sabuni.

"Ni miye napotea ao ni weye?"

"Watu wote wameenda kule. Weye peke yako uko naangalia Uganda."

"Uganda haiko na sura muzuri hivi."

Akarudi nyuma ili amwone vizuri, na huko nyuma kulikuwa na beseni la samaki wa Kasenyi. Beseni likaruka. Mama mwenye samaki akashika kiuno, akasema kwa utulivu wa kutisha, "Okota moja-moja, na uzipanguse." Basi wakachuchumaa wote wawili, fundi na mshonaji, wanapangusa samaki huku wanacheka mpaka machozi.

"Jina yako?"

"Mathieu. Natengeneza jenereta na mashini za kusaga."

"Mathieu, unajua mashini, lakini kulia na kushoto hauzijue."

"Basi unifundishe."

"Kuya siku ya Mungu, kisha misa, kwa salle ya masomo kule Mudzipela. Na uvae viatu yenye haiteleze."

Mnadhani hakuja? Alifika kabla ya mwenye ufunguo wa ukumbi.

Kundi lenyewe linaitwa Mustari Moja, na mkubwa wake ni Maman Gertrude, mwanamke mnene mwenye miwani, ambaye akipiga makofi hata mbuzi wa jirani wanasimama. Alilianzisha pale vita vilipopoa. Katika uwanja mmoja walijikuta watu waliokimbia Djugu na watu wa familia zenye ng'ombe, pande mbili zilizokuwa zimepigana, na hakuna aliyeweza kumwangalia mwenzake machoni. Maman Gertrude akasema, vizuri, musiangaliane, muangalie ukuta. Akawapanga kwa mistari, akawasha redio. Hawakuangaliana, lakini miguu ilibidi isikilizane, na wimbo ukiisha mtu alikuwa amemzoea jirani yake bila kupenda. Ilikuwa miaka ile amani imerudi lakini haijafungua mizigo. Watu walilala na begi ya nguo karibu na mlango.

Toka siku hizo ikabaki desturi: kila mtu ana nafasi yake, na akisafiri, nafasi inaachwa wazi. Mstari unacheza na pengo. Haijulikani barabara imemfungia nani wapi, akirudi akute mahali pake panamngoja. Mara moja tu kwa mwaka, siku ya sikukuu ya kundi, mstari unashonwa upya. Siku hiyo, asiyekuwa mahali pake kabla ya kugeuka kwa kwanza, pengo lake linafungwa, na basi.

Mathieu akapewa nafasi ya kushoto kwa Ornella. Maman Gertrude alikuwa na sababu. "Huyu anapenda kukosea kushoto. Akiwa kushoto kwako na akosee, atakupatia mugongo, hapana pua."

Alikosea sana. Ornella, ambaye toka utoto hajawahi kukosea kugeuka, akakata uzi mwekundu wa mashine yake, akamfunga kwenye mkono wa kulia. "Upande wa uzi njo niko." Kisha akajifunga mwenyewe kwenye mkono wa kushoto. "Na huu njo upande yako. Sasa ukipotea tena, ni roho mubaya."

Hakupotea tena. Akawa mtu wa mstari kweli, wa kupiga hatua hata akiwa anangoja chai. Na mapenzi yakaja hapohapo, bila kuomba ruhusa. Mathieu wa Djugu, Ornella wa ng'ombe. Shangazi wa pande zote mbili walikuna vichwa, lakini kwenye mstari hakuna aliyeuliza.

Kisha kazi ikamwita Mathieu Mongbwalu, kwenye dhahabu, kutengeneza mashine za kuvuta maji mashimoni. Kila jioni simu ililia.

"Chéri, uko naangalia ukuta gani?" Ornella alikuwa anauliza.

"Wa Bunia. Na weye?"

"Wa Mongbwalu. Shingo inaniuma juu yako."

"Nitakuya kwa sikukuu. Chunga nafasi yangu."

"Nani atashubutu kuigusa? Shati yako nimekwisha kushona. Iko rangi ya majani, na kola nyeupe. Utaonekana sawa mutu wa maana."

Sasa sikieni jinsi kitu kidogo kinavyoharibu. Zilibaki siku chache, na Gracia, rafiki wa Ornella, akamtumia Mathieu video ya mazoezi. Gracia anacheza mstari wa mbele na anajipenda, kwa hiyo alinyoosha mkono na simu, akajirekodi na kamera ile ya mbele, wenzake wote wakionekana nyuma yake. Mathieu akaifungua karibu na shimo, vidole vina grisi. Akamwona Ornella wake anang'aa. Akapiga hesabu kama alivyofundishwa: ananielekea, kwa hiyo kushoto kwake ni kulia kwangu. Akaangalia kulia. Pale alisimama Stéphane. Stéphane, mwalimu mwenye mashati ya kunyooka, aliyekuwa akimtaka Ornella toka zamani, na ambaye nafasi yake ni mkono wa kulia wa Ornella. Upande wa pili ndiko kulikuwa wazi.

Amehama, Mathieu akawaza. Ametoka kwake, ameingia kwangu. Na Ornella amemruhusu. Kwa watu wengine hiyo ni video ya mchezo. Kwa mtu wa Mustari Moja ilikuwa kukuta nguo za mwanaume mwingine kwenye kamba ya nyumba yako. Akakaa chini kwenye tope.

Jioni simu ililia.

"Chéri, ukuta gani?"

"Uulize Stéphane."

"Stéphane iko na maneno gani?"

"Nimeona kwa macho yangu, Ornella. Nafasi yangu imepata mwenyewe. Bonne chance."

"Umeona nini? Mathieu, sema mambo sawa mutu mukubwa." Lakini alikuwa amekata.

Ornella akapiga tena na tena, simu imezimwa. Kwanza akalia, kisha akapandisha hasira, na hasira ya Ornella hushona moja kwa moja. Akaandika: "Sikukuu ni siku ya Mungu hii. Kama hauko, nafasi inafungwa na miye sitaomba mutu aiache. Shati nitapatia maskini." Alimaanisha njoo, jamani, njoo. Mathieu aliposoma aliona mlango unafungwa.

Alfajiri ya Jumapili Mathieu aliamka Mongbwalu. Mtu mwenye jeraha hachoki kuligusa. Akafungua tena ile video. Safari hii hakutaka kumwona Stéphane, akaziba uso wake kwa kidole gumba na kubaki na Ornella peke yake. Akafuata mikono yake inavyopanda na kushuka. Na kwenye mkono mmoja kulikuwa na uzi mwekundu.

Uzi ulikuwa upande wa pengo.

Akakumbuka maneno ya Ornella: Na huu njo upande yako. Akaangalia maandishi kwenye kifua cha Maman Gertrude: yalikuwa yanasomeka kinyume, kama yako kwenye kioo. Kamera ya Gracia ilikuwa imegeuza dunia. Stéphane hakuhama hata unyayo. Pengo lilikuwa lake, limekaa wazi, linacheza pembeni ya Ornella hatua kwa hatua, na yeye amemwambia mtoto wa watu bonne chance.

"Mathieu, uko mujinga," akajiambia kwa sauti, na mchimbaji aliyekuwa anapiga mswaki akamkubalia kwa kichwa.

Akapiga simu, réseau hakuna, haishiki. Akamkamata mwenye moto, pikipiki ya kukodi. "Bunia, kaka. Leo hii, mbele ya misa kutoka."

"Mvua imekata barabara."

"Tutaisukuma."

Na waliisukuma kweli. Waliisukuma kwenye tope, waliibeba juu ya daraja la miti lililokosa miti, wakaanguka mara moja wakacheka, wakaanguka tena hawakucheka. Kwenye kizuizi askari akauliza, "Uko nakimbia nini?" Mathieu akamjibu ukweli, kwamba anakimbilia nafasi yake kwenye mustari, wanaifunga. Askari akamwangalia kuanzia nywele mpaka viatu, akainua mti. "Maman Gertrude? Mutoto wangu iko kwa ule mustari. Pita."

Mudzipela, salle ilijaa mpaka madirishani. Wanaume mashati ya kijani, wanawake vikwembe vya kijani na vilemba vyeupe, vyote vimetoka kwenye mashine moja. Ornella alisimama katikati, mzuri wa kuumiza, midomo imebanwa, kushoto kwake hewa tupu. Shati la Mathieu lilikuwa limekunjwa kwenye kiti. Hakumpa maskini.

"Ornella, mwanangu," Maman Gertrude akasema chini-chini, "nimengojea vile naweza."

"Wapige muziki, Maman."

Muziki ukaanza. Kulia, funga. Kushoto, funga. Ornella alicheza macho mbele, na machozi yakashuka yenyewe bila kuharibu hatua. Maman Gertrude akainua mkono kuonyesha watu wa kushoto wajiandae kusogea wafunge pengo. Hapo mlango ukafunguka, na kikaingia kitu cha rangi ya barabara ya Mongbwalu, matope mpaka nyusi, kikapita katikati ya mashati safi bila kuomba radhi, kikasimama kushoto kwa Ornella na kushika hatua.

Salle nzima ikapiga kelele. Maman Gertrude akashusha mkono.

"Umechelewa," Ornella akasema, macho ukutani.

"Kamera ya Gracia inageuza kushoto na kulia. Niliona uzi leo asubui. Unisamehe."

"Kwa hiyo ulifikiri Stéphane..."

"Ndiyo."

"Mathieu, uko mujinga."

"Nimekwisha kujiambia." Nyuma, nyuma, piga kisigino. Kugeuka kulikuwa kunakaribia na pumzi ilikuwa inamwisha. "Ornella, nataka kutuma bazee kwenu. Nataka kukuoa. Unijibu."

"Kwa mustari watu hawaongee."

"Unijibu mbele tugeuke."

Wimbo ukafika mahali pake. Mathieu, mtu wa kukosea, akageuka kulia vizuri kabisa kama alivyofundishwa na uzi wake, tayari kuangalia mgongo wa Ornella. Stéphane akageuka kulia. Gracia akageuka kulia. Mustari Moja wote, na watoto madirishani, wakageuka kulia.

Ornella, ambaye toka utoto hajawahi kukosea, akageuka kushoto.