Lori la Mahindi la Kwenda Lodwar

"Mama Joyline, kwani lazima basi limeze pesa zako zote ndipo watoto wafike Lodwar?"

Swali hilo liliulizwa na jirani yao Oyaro jioni moja, akiwa amesimama mlangoni na vumbi la magunia mabegani. Oyaro alikuwa mpakiaji wa malori mjini Migori. Alieleza kwamba kuna lori linalotoka Kegonga na mahindi, linapitia Homa Bay, kisha linaendelea hadi Lodwar. Dereva wake, Javan, hana makuu. Ukimpa kitu kidogo tu, unapanda juu ya magunia na unafika.

Nyasuguta, mama yao, hakuacha kuchambua omena, dagaa wa ziwani, kwenye ungo. Alijibu kwamba watoto wake si magunia, kisha akamkaribisha jirani uji. Maneno yakaishia hapo. Lakini Joyline, aliyekuwa akiosha vyombo, alimwona kaka yake Motari akitabasamu peke yake.

Ilikuwa likizo ya Aprili. Mama yao mkubwa, Scovia, alikuwa mwalimu Lodwar, naye alikuwa amewaita wote watatu: Motari aliyekuwa amemaliza kidato cha nne, Joyline wa miaka kumi na miwili, na Arasa, kitindamimba wa miaka sita. Baba yao alikuwa amefariki. Nauli ya safari hiyo ndefu mama aliidunduliza kwa kuuza omena sokoni, mwezi baada ya mwezi.

Jumapili asubuhi waliomba pamoja. Mama akampa Motari nauli, akawabariki kila mmoja kichwani, akaenda sokoni. Walipofika kituoni Motari alilipita basi kama haoni, akashika njia ya kwenda yalikoegeshwa malori. Hapo Joyline akaelewa. Kaka yake alimwambia kwamba amepata njia ya bei rahisi kuliko zote, na pesa zitakazobaki zitamnunulia yeye simu nzuri na Joyline viatu vipya.

"Na mama?" Joyline aliuliza.

"Mama atajuaje? Ukinyamaza wewe, nimenyamaza mimi."

Joyline alijua la kujibu. Alitazama viatu vyake, kidole gumba kikimchungulia kupitia tundu, akanyamaza.

Javan aliwapandisha juu ya magunia, akawaambia walale chali wasije wakaonwa na polisi barabarani. Kisha akalishusha turubai na kulifunga kwa nje. Joyline aliisikia kamba ikikazwa upande huu, halafu upande ule. Giza la mchana lina hofu yake. Unajua jua liko pale pale juu yako, lakini hulioni.

Lori liliponguruma na kuondoka, akaisikia harufu.

"Kuna kitu kinanuka," alisema.

"Juzi lilibeba omena," Motari akamjibu huku akicheka. "Wewe umelelewa kwenye omena, leo unajifanya hujawahi kuinusa?"

Arasa naye akacheka. Joyline hakucheka. Tangu utotoni alikuwa amelala karibu na magunia ya omena ya mama yake. Omena iliyokaushwa vizuri inanukia ziwa na jua. Harufu hii ilikuwa ya samaki aliyeoza, na ndani yake kulikuwa na kitu kama kitunguu saumu. Ni nani angetwanga kitunguu saumu humu ndani?

Walipopita Rongo, Arasa aliacha maneno yake mengi. Alisema kichwa kinamgonga. Muda si muda akatapika. Motari alisema ni kuyumba kwa lori tu, lakini sauti yake ilikuwa nzito, kama ya mtu aliyeamshwa usingizini. Joyline mwenyewe alihisi kifua kimebanwa. Akatambaa hadi ukingoni, akalisukuma turubai kwa kichwa mpaka ikapatikana nafasi ndogo, akauleta uso wa Arasa pale ili apate hewa.

Motari akamshika mkono. "Acha. Polisi wakituona tumekwisha."

"Joy," Arasa akanong'ona, "mbona siisikii miguu yangu?"

Joyline aliogopa kama ambavyo hajawahi kuogopa. Hakuwaogopa polisi tena, wala dereva, wala mama. Aliuogopa mwili mdogo uliomlegea mikononi. Akaomba moyoni: Mungu wangu, asubuhi nilinyamaza. Usininyamazie sasa. Akavua kiatu, akaanza kukigonga nyuma ya kichwa cha lori. Aligonga huku akiita, akagonga hata mkono ukafa ganzi. Lori likaenda, likaenda, hatimaye likapunguza mwendo na kusimama.

Walikuwa wamefika Homa Bay, mbele ya duka la nafaka ambako Javan alikuwa ashushe magunia machache. Mwenye duka, Shamima, mama wa makamo, alitoka nje kupokea mzigo wake. Turubai lilipofunuliwa alijifunika pua kwa mtandio na kuwaambia watu wote wasogee mbali.

"Javan, mahindi haya yamewekwa vidonge?"

"Mwenye mzigo aliweka, Mama Shamima. Vya kuua dumuzi. Si vinaua wadudu tu?"

"Na hawa watoto ni wadudu?"

Javan hakungoja kuambiwa zaidi. Alipanda akamshusha Arasa mwenyewe. Shamima akaita tuktuk, akawapeleka wote watatu hospitalini, Javan akiwafuata.

Arasa aliwekewa hewa ya kusaidia kupumua. Daktari alisema ni lazima wangoje, na kungoja huko kulikuwa kubaya kuliko lile giza la lori. Joyline aliomba simu ya Shamima, akampigia mama. Hakuficha kitu. Alisema habari ya lori, na ya viatu, na ya kunyamaza kwake. Mama akasema, "Nakuja."

Alifika akiwa bado na aproni ya sokoni. Wakakaa kando ya kitanda. Jua lilikuwa limeanza kuteremka Arasa alipofungua macho na kuuliza kama kuna chapati. Mama alifunika uso kwa viganja vyake.

Shamima aliwaeleza kwamba vidonge vile hutoa hewa ya sumu, na turubai huifungia ndani. Mahali palipowekwa dawa hiyo hapakai mtu, hata kwa dakika chache. Motari akapiga magoti, akamrudishia mama nauli kwa mikono miwili. Mama aliipokea, akasema watasafiri kwa basi daktari akiwaruhusu. Kisha akawatazama wote wawili.

"Kubana matumizi si dhambi, wanangu. Mimi nabana kila siku. Lakini jambo usiloweza kulifanya mbele ya mama yako, bei yake hujaijua bado. Na wewe Joyline, nashukuru kwa zile kelele za barabarani. Siku nyingine, zipige kabla lori halijaondoka."

"Ndiyo, mama," Joyline akajibu.

Muda wote huo Javan alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, kofia mkononi. Shamima alimgeukia, akamuuliza ni mara ngapi yeye mwenyewe amelala chini ya turubai lile.

"Kila safari," Javan alisema polepole. "Nikiamka kichwa kinaniuma. Mimi husema ni uchovu wa barabara."

"Mwanangu," Nyasuguta akamwambia, "na wewe kuna mtu anakungoja ufike."

Javan aliutazama mpira wa hewa uliokuwa puani mwa Arasa. Akamgusa mtoto mguu kwa upole, akavaa kofia yake, akatoka kwenda kuliondoa turubai lote juu ya lori.