Alama ya Mdeki

Redio ingetangaza, simu zingelia, imamu angesema, lakini mpaka gumegume ya Mzee Mukhtar ilie kule uwanjani, hakuna mama wa Majengo, Nyeri, aliyeamini kwamba mwezi wa Idi umeandama. Ilikuwa bunduki ya zamani kweli, ya kuwashwa kwa jiwe na kushindiliwa kwa mdomo, na polisi walikuwa na karatasi zake. Haikutiwa risasi. Baruti na kitambaa tu, mtutu juu, mlio mmoja, watu wakafuturu.

Mwaka huu Mzee Mukhtar hakuwepo. Walimzika mwezi wa Rajabu, na kazi ikamwangukia mwanawe Fuad, fundi wa kufuli mwenye mzaha mwingi. Ni yeye aliyekuwa akimcheka mzee kila mwaka kwa jambo moja. Mzee alisimama mbele ya watu wote na njaa zao, akaingiza mtutuni mdeki, ule ufito wa kushindilia, akautoa, akauingiza tena, mara tatu, akitazama alama aliyoichonga kwa kisu. Alama ikilingana na mdomo wa mtutu, ndani mna baruti na kitambaa. Ikichomoza, mna kitu zaidi.

"Kwani unaogopa iko na mimba?" Fuad alikuwa akimtania. Mzee hakucheka hata siku moja.

Siku ya kukata roho alimshika Fuad mkono, akanong'ona, "Pima. Ukishashindilia, pima tena." Fuad alidhani ni homa inayosema.

Sasa alikuwa akipanda uwanjani, jua likizama nyuma ya milima ya Nyandarua, bunduki begani. Aliishindilia nyumbani baada ya alasiri kwa kitambaa cheupe alichochana kwenye shuka kuukuu, akapima mara moja. Sawasawa. Tangu hapo haikutoka mkononi mwake.

"Fuad, piga hiyo kitu, uji inapoa," jirani mmoja alisema, na watu wakacheka.

Binti yake Salwa alisimama karibu na ukuta na simu yake, tayari kupiga picha. Alivaa nguo yake mpya ya manjano; hakuweza kungoja kesho.

Mwezi ukaonekana, mwembamba kama uzi. Fuad alimimina baruti kidogo kwenye kisahani cha pembeni, akavuta nyuma taya lenye jiwe, akainua mtutu.

Hapo akasikia harufu.

Kafuri...

Harufu ya maiti aliyeoshwa. Ilitoka mdomoni mwa mtutu, na mtutu ule alikuwa ameuosha mwenyewe kwa maji moto, akaupaka mafuta ya kondoo. Watu walikuwa wameshaziba masikio. Aliona aibu, lakini hofu ilimzidi. Akaishusha bunduki, akamwaga baruti ya kisahani, akaingiza mdeki.

Tok.

Alama ilichomoza. Kidole kizima.

"Ati sasa ni nini tena?"

"Huyu ni baba yake kabisa," watu wakalalamika.

Fuad alifunga parafujo kwenye ncha ya mdeki, akaisokota ndani polepole, akavuta. Kikatoka kitu kizito. Golori ya risasi, yenye joto kama yai lililotagwa sasa hivi. Ilikuwa imefungwa kwa kipande cha nguo, cha mviringo, kilichokatwa vizuri.

Cha manjano.

Akainua macho. Salwa alikuwa akijitazama kifuani, kidole kikipita kwenye tundu.

"Baba, nani ameharibu nguo yangu? Saa hii tu ilikuwa mzima."

Fuad alimshika mkono, wakashuka nyumbani bila kuaga mtu. Bunduki haikulia jioni ile. Huko nyuma watu walifuturu wakinung'unika.

Mama yake, Bi Mwanaisha, alikuwa jikoni. Fuad aliiweka golori mezani. Bi Mwanaisha aliitazama. Alikwenda chumbani, akarudi na mkebe wa mafuta ya kupikia uliojaa golori, kila moja na kitambaa chake. Fuad aliijua leso ya mama yake. Aliijua sare yake mwenyewe ya shule. Aliijua fulana ya Salwa ya uchanga.

"Kila mwaka?" alinong'ona.

"Kila mwaka, tangu ndugu yako. Baba yako aliificha kiganjani, nyinyi mkimcheka."

Ndugu yake Rashid alianguka uwanjani jioni ya Idi, miaka thelathini iliyopita, mlio ulipolia. Bunduki ilielekea mbinguni, na mwilini hakukuwa na jeraha. Daktari alisema ni moyo.

"Mwaka huo baba yako hakupima," Bi Mwanaisha alisema. "Babu yako alikuja na bunduki hiyo kutoka safari zake. Hakusema aliitumia kwa nini. Alisema tu imezoea kupewa."

"Mbona hamkuitupa?"

"Tuliitupa mtoni Chania mara mbili. Kufika magharibi iko ukutani, imekauka." Akasogea karibu. "Lakini ukitoa ile yake, halafu upige baruti tupu mbele ya mwezi wa Idi, inadanganyika. Inatulia mwaka mzima. Huku jikoni sikusikia mlio, lakini ulipiga, sivyo?"

Fuad aligeukia mlango.

"Fuad... ulipiga?"

Alitoka mbio na bunduki mpaka uani. Alitafuta juu ya mabati ya majirani, juu ya mikaratusi, huku na huku.

Mwezi ulikuwa umeshatua.

Asubuhi ya Idi, kabla hata ya swala, Salwa alipelekwa kwa shangazi yake huko Doldol bila nguo yoyote ya nyumbani, amevaa aliyoazimwa na jirani. Alilia, akamwita baba yake mshamba. Fuad alikubali ushamba. Kutoka siku hiyo, kila magharibi alipima. Baruti alikuwa ameshaitoa, mtutu ulikuwa mtupu, na yeye akaanza kupata usingizi.

Siku ya tisa mdeki uligota.

Alivuta, ikatoka golori nyingine. Kitambaa kilikuwa cha kijani, chenye maua madogo meupe. Alikigeuza mara mbili na kushusha pumzi, kwa sababu hakuna mtu nyumbani mwake aliyekuwa na nguo kama ile. Hata hivyo akapiga simu Doldol.

"Salwa, umevaa nini?"

"Shangazi amenishonea dera leo, Baba. Ya kijani." Akacheka kidogo. "Lakini panya wa huku ni wabaya, tayari iko na tundu hapa kifuani."

Fuad aliyatazama maua meupe kiganjani mwake.

"Baba? Na hii harufu ni ya nini? Ni kama ile ya siku tulimzika Babu."