Visima vya Kukurupuka

Kila alfajiri Felismina alitembea saa nzima kwenda kuteka maji. Alirudi na ndoo kichwani, shingo ikimuuma. Siku moja mumewe, Jasinto, alimkuta ameketi njiani. Alikuwa amechoka, hawezi hata kusema.

Jasinto alichukua jembe saa ile ile, akachimba nyuma ya nyumba. Maji yalipotoka yalikuwa ya chumvi. Akafukia shimo, akaanza jingine bondeni. Ilikuwa masika. Udongo uliporomoka ukamfunika hadi kifuani. Majirani walimfukua kwa mikono. Alipona, lakini alichechemea mwezi mzima.

Mume na mke hao walitoka Msumbiji, na Kiswahili walikuwa wakijifunza katika darasa la kisomo cha watu wazima. Jioni moja Mwalimu Zuhura aliandika ubaoni: KUKURUPUKA.

"Nani anajua maana yake?"

"Ni kushtuka," alisema jirani yao, Mzee Bakari. "Nilikurupuka usingizini niliposikia fisi."

"Kweli. Tena ni kufanya jambo ghafla, bila kufikiri wala kupanga. Nani atatunga sentensi?"

Felismina alisimama polepole.

"Mume wangu alikurupuka kuchimba kisima, akakaribia kufa."

Hakuna aliyecheka. Jasinto aliinama.

"Nilikuona umechoka, mke wangu," alisema.

"Nimechoka kweli. Lakini ningekuwa mjane, nani angenipumzisha?"

Mzee Bakari, ambaye alikuwa fundi wa visima, alimgeukia Jasinto.

"Mbona hukuniuliza, bwana? Kisima huchimbwa kiangazi. Maji ukiyapata wakati wa ukame, hayatakukimbia. Kwanza tuulize wenyeji ni wapi maji ni matamu. Tuchimbe mbali na choo, upande wa juu wa mteremko. Halafu kuta tuzijenge kwa mawe."

"Kiangazi ni mbali, mzee."

"Ni mbali. Tutakusanya mawe."

Walikusanya mawe miezi mitatu. Felismina aliendelea kubeba ndoo, na sasa Jasinto alibeba ya pili. Mwezi wa Oktoba, kiangazi kilipokolea, walichimba, huku wakijenga kuta. Siku ya tisa maji yalitoka. Felismina aliyaonja, akaonja tena.

"Hayana chumvi," alisema.

Kesho yake jua lilichomoza Felismina akiwa bado amelala. Jasinto alifunga mlango taratibu, asimwamshe.