Parrain Alinifungia Goma kwa Tovuti Niliyoijenga Mwenyewe

Nina miaka thelathini na mbili. Ninaishi Murara, hapa Goma, katika chumba cha kupanga, peke yangu... mimi niliyefunga ndoa kanisani, gauni jeupe, watu wamejaa hadi nje! Wasomaji wenzangu, msinihukumu haraka. Nisikilizeni kwanza, kisha mniambie ninyi mngefanya nini.

Jina langu ni Masika na kazi yangu ni kutengeneza tovuti. Mume wangu, Paluku, ni mwalimu wa hesabu, mtu mpole ambaye akikasirika huteremsha sauti badala ya kuipandisha. Sote asili yetu ni Butembo, ila tulikutana Goma. Siku ya ndoa tulimchagua papa Deo awe parrain wetu, yaani msimamizi wa ndoa, ambaye kwetu ni mzazi wa pili. Papa Deo ana kampuni ndogo pale Katindo inayotengeneza programu ya kompyuta ya kuendeshea maduka ya dawa. Tena ndiye aliyekuwa mkubwa wangu wa kazi. Mkubwa wa kazi na parrain, mtu mmoja! Tuliona ni baraka.

Wateja wake walikuwa wametawanyika Sake, Minova, hadi Rutshuru. Kila programu ilipofanyiwa marekebisho, iliwabidi waje ofisini na flashi mkononi wanakili. Barabara zetu mnazijua. Mtu anafika amejaa vumbi, anakuta umeme umekatika, analala mjini kwa ajili ya kitu cha dakika chache. Papa Deo akaniambia nitafute njia watu waipate wakiwa kwao.

Nikachukua mfumo wa bure wa kuendeshea tovuti, ule ambao msimbo wake uko wazi na yeyote anaweza kuubadilisha, nikajenga juu yake. Kila mteja akapata jina lake na neno la siri. Akiingia, anaona toleo lake tu, analipakua. Faili nilizigawa vipande vidogo ili mtandao ukikatika katikati asianze upya. Jamani, nilijivunia! Nani asingejivunia?

Lakini watu wetu hawaamini mashine. Mama mmoja wa Minova, mwenye duka la dawa, alikataa kubofya chochote. "Niko naona maandishi tu," alisema. "Mutu iko wapi?" Basi papa Deo akaagiza niweke picha yangu na namba yangu ya simu kwenye ukurasa wa kwanza. Akaagiza pia kwamba kila toleo jipya lisifunguke kwa mteja yeyote mpaka mimi mwenyewe nizungumze naye na kumkubali. Nikafanya hivyo. Wateja wakapenda sana. Hata siku za sikukuu walinipigia: "Mama Masika, unifungulie!" Nami nafungua.

Kisha Paluku akapata kazi katika shule ya sekondari Butembo, karibu na mama yake mzee. Tukakubaliana atangulie atafute nyumba, mimi nimalizie kazi nimfuate. Akaondoka kwa ile njia ndefu ya kuzungukia Uganda, maana ya moja kwa moja haina usalama. Alipovuka mpaka alinipigia, akasema nisikawie. Nikamcheka... Nilicheka, wenzangu!

Nilipokwenda kuaga, papa Deo alishika kichwa. "Mutoto yangu, ukienda, nani atafungulia watu?" Nikamwambia nitawafungulia nikiwa Butembo, mtandao ni uleule. Akasema umeme wa kule haueleweki. Nikaomba basi nimfundishe mwenzangu wa ofisini, Esperance. Akakataa katakata, eti siri ya nyumba haigawiwi ovyo. Ningoje toleo linalokuja tu, kisha niende kwa amani. Toleo likaja. Nyuma yake likaja jingine, na jingine tena...

Kwenye simu Paluku akawa anauliza swali lilelile: unakuja lini? Nami jibu lilelile: karibu. Tukaanza kugombana. Sasa, kwetu bibi na bwana wakishindwana hawaendelei kutupiana maneno. Wanapeleka neno kwa parrain, naye anawasikiliza, anapatanisha. Paluku, mtu wa heshima zake, akampelekea papa Deo. Nikaitwa nyumbani kwake. Mke wake akaleta chai, akaondoka akatuacha.

"Mambo ya bibi na bwana haisemewake ku telefone," papa Deo aliniambia. "Muache kwanza kupigiana, kasirani ipoe. Miye njo nitabeba maneno." Yaani yeye ndiye atakayepeleka ujumbe kati yetu.

Ningemkatalia vipi? Kumruka parrain ni kumtukana mzazi! Nikatii. Paluku naye, kumbe, aliambiwa hivyohivyo, naye akatii.

Miezi ikapita. Kila nilipouliza, papa Deo alinijibu kwa upole. Paluku anasema nyumba haijawa tayari, ngoja. Paluku anasema mama yake anaumwa, ngoja. Nikangoja... Niliishika simu, nikatafuta jina lake, nikairudisha mezani. Watu wa kila upande walinipata kwenye simu ile isipokuwa mume wangu! Nikaanza kuamini amenichoka. Jumapili moja Esperance alinichukua tutembee hadi Lac Vert, pembeni mwa mji, nipate hewa. Nilisimama kando ya barabara nikiangalia magari ya Sake, nikalia mpaka mwenzangu akaona haya mbele ya wapita njia.

Asubuhi moja akaja wifi yangu Kavira, dada wa Paluku. Alikataa kukaa. Akasema ametumwa kuchukua vitabu na nguo za kaka yake. Nikamuuliza kuna nini.

"Si weye njo ulituma parrain?" akanijibu kwa dharau. "Ulisema Butembo ni ya watu ya mashamba, hautaacha kazi yako juu ya mwanaume!"

Nikaapa mbele ya Mungu kwamba maneno hayo hayakutoka kinywani mwangu. Kavira akanitazama sana. Kisha akaketi kitandani mwenyewe, akaanza kulia.

"Masika, umechelewa. Paluku iko na bibi mwengine. Na iko na mimba."

Nikampigia Paluku. Alipokea papo hapo, kama mtu aliyekuwa na simu mkononi! Nikamweleza yote. Kwa ile sauti yake ya chini akasema, "Nilikuwa nangojea sauti yako tu." Nikamuuliza mbona na yeye hakunipigia. Akasema parrain alimkataza. Tukalia wote wawili, kila mtu kwake. Lakini binti wa watu ana mimba yake, na Paluku si mtu wa kutupa damu yake. Ningemwomba afanye nini?

Nikaenda ofisini Katindo hivyohivyo, macho yamevimba. Nikamuuliza papa Deo mbele ya wateja. Mnadhani alikana? Hata!

"Nilitafuta wakati kidogo tu, mutoto yangu," alisema akijifuta jasho. "Kazi ingekufa. Nilijua kisha mutasikilizana."

Nikafungua kinywa nimtukane, simu yangu ikalia. Ni yule mama wa Minova. Na mimi nikafanya nini? Nikapokea! "Ndiyo mama, ngoja, ninakufungulia." Vidole vyangu vilikuwa tayari kwenye kompyuta kabla akili haijafika. Ndoa yangu imekufa, na mimi ninafungulia watu! Nilijichukia siku ile.

Nikakaa palepale kwenye kiti. Nikaingia kwenye mipangilio ya tovuti, nikaondoa sharti la mimi kumkubali kila mtu. Mfumo ule tangu mwanzo unaweza kumtumia mteja ujumbe akajithibitisha mwenyewe. Nikatoa picha yangu, nikatoa namba yangu, nikamwonyesha Esperance yaliyobaki. Jua halijazama, wateja wakawa wanapakua bila mimi. Mchana mmoja... Mchana mmoja tu, wenzangu! Papa Deo alikuwa amesimama nyuma yangu akitazama. "Kumbe iliwezekana," akasema. Nilichukua mkoba wangu nikatoka.

Leo hakuna anayenizuia kwenda Butembo. Niende kwa nani? Mtoto amezaliwa, wanasema amechukua uso wa baba yake. Na kanisani mimi bado ni mke wa Paluku.

Dada zangu, kaka zangu, sisemi msiwaheshimu wasimamizi wenu wa ndoa. Ila msimpe kazi hiyo mtu anayefaidika ninyi mkiwa mbalimbali. Mkijenga kitu, mfundisheni na mwingine, hata mkubwa wenu akinuna. Na kama mwenzako amenyamaza, usingoje mtu akubebee maneno. Mpigie mwenyewe. Mpigie leo, hata kama utaitwa mkosa adabu! Mimi adabu yangu niliitunza vizuri sana... nayo ndiyo ninayoishi nayo hapa Murara.