Awadh Alipoitika

Mwaka tisini na saba rafiki yangu Twalib, wa Temeke, alikuwa na kompyuta yenye gemu la vita, gumu, la kupanga majeshi. Alimbembeleza jirani yake Awadh siku tatu aje acheze.

"Mpe askari wako jina lako, braza. Utalipenda gemu hili."

Awadh akaandika jina lake. Mapanga yakagongana, watu wakalia. Walikuwa wamefunga madirisha ili kioo cha kompyuta kionekane vizuri, kwa hiyo umeme ulipokatika mchana ule, chumba kikawa giza. Mapanga hayakunyamaza. Sauti ikaita kutoka kwenye kompyuta: "Awadh."

"Naam," akajibu, kama tulivyolelewa, ukiitwa unaitika.

Twalib akasikia panga likiingia kwenye nyama. Alipofungua dirisha, Awadh alikuwa chini, shingo imekatwa. Kioo cha kompyuta kilikuwa kizima, na damu ilichuruzika kwa ndani.