Misalaba ya Chaki

Kila akitoka shule, Fabiola alikuwa na kazi ambayo watoto wengine wa mtaa wa Bagira waliionea wivu mpaka waone vumbi lake: kukagua mahindi ya kuku. Mama yake, Maman Virginie, aliyanunua kwa Maman Priscille wa Kamembe, upande wa Rwanda, ng'ambo ya mto Ruzizi. Magunia yakifika, Fabiola alichoma kila moja kwa chuma chenye mfereji, akanusa punje zilizotoka, kisha akalichorea msalaba wa chaki. Maana yake: nimekagua, ni zima.

Siku moja mzigo ulifika saa ya mazoezi ya kwaya. Fabiola alichoma gunia la juu tu. Yaliyobaki aliyabariki kwa chaki, mbio mbio, kama padri aliyechelewa chakula. Akaenda kuimba.

Mwezi uliofuata kuku walianza kuinamisha vichwa. Wakafa mmoja mmoja, mpaka banda likanyamaza. Josué, mtunza ghala, akafungua magunia yaliyobaki. Mahindi yalikuwa yamevaa ukungu wa kijani.

Maman Virginie alimpigia simu muuzaji.

"Dada, mahindi yako yameua kuku zangu."

"Yalifika mwezi jana," alijibu Maman Priscille. "Hamkuyakagua?"

Maman Virginie aliitazama misalaba. "Tuliyakagua. Yalikuwa mazima."

"Basi yameharibikia kwako."

Alipokata simu, alimgeukia Josué. "Papa Josué, uliacha mvua iingie. Kesho usirudi."

"Maman, paa halivuji. Ingia uangalie."

"Niangalie nini? Kuku wenyewe wako wapi?"

Josué alivua funguo shingoni, akaziweka mezani taratibu. Binti yake, Faida, alikaa dawati moja na Fabiola. Mwezi huo karo yake ingetoka wapi?

"Maman," Fabiola alisema, "misalaba ni ya uongo. Nilichoma gunia moja tu."

Mama yake alizitazama zile funguo mezani.

Jioni alikuja mjomba wake Fabiola, tonton Donatien, wakili.

"Paa halivuji; sasa tunajua yalifika mabovu," Maman Virginie alimwambia. "Priscille ayachukue, arudishe pesa."

"Umechelewa, dada. Kongo na Rwanda zimekubali sheria moja ya kuuziana bidhaa kuvuka mpaka. Inamlinda mnunuzi, lakini haimbebi mgongoni. Mzigo ukifika, ukague upesi. Ukiona kasoro, mwambie muuzaji mapema. Ukungu huu ungeonekana siku ile ile. Ninyi mmekaa kimya mwezi mzima."

"Kwa hiyo hatupati kitu?" Fabiola aliuliza.

"Mnapata shimo la kuchimba."

Kesho yake Fabiola na Josué walichimba, wakachoma moto mahindi na kuku pamoja. Josué alikuwa amerudishiwa funguo na kuombwa radhi. Harufu ilikaa kwenye sare ya Fabiola juma zima.

Mzigo mwingine ulipofika, ilikuwa tena siku ya kwaya.

"Padri mdogo," Josué alimtania, "leo unabariki au unachoma?"

Alichoma yote. Mawili yalinuka ukungu, akayanyima msalaba. Mama yake alipiga simu papo hapo.

"Yatenge, dada," alisema Maman Priscille. "Kesho nabadilisha."

Maman Virginie alimvuta binti yake karibu. "Umeona? Mahindi yanabadilishwa. Kuku tutafuga wengine. Lakini kama Papa Josué angeondoka kwa uongo wako, hakuna sheria ya mpaka wowote ambayo ingeniondolea aibu hiyo. Msalaba wako ni neno lako, Fabiola. Usiuweke pale ambapo mkono wako haujafika."