Mganga Amevamiwa

Joka lilikuwa limebakiza robo ya uhai wake wakati simu ya Sindano ilipotetema mezani.

Ujumbe ulitoka kwa fundi cherehani.

"Gauni lako liko tayari. Njoo ulichukue kabla ya saa sita."

Hapakuwa na gauni wala fundi cherehani. Sindano alikuwa mpelelezi wa idara ya siri, mwaka wa kumi na nne kazini, na maneno hayo yalikuwa na maana moja tu. Mzigo unaondoka leo kabla ya saa sita mchana, na idara bado haijui uko wapi.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na dakika kumi.

Mzigo wenyewe ulikuwa vifyatuzi mia mbili na arobaini, vidude vidogo vya ukubwa wa kidole gumba, vyenye kazi ya kulipua bomu kwa kupigiwa simu. Mwezi uliopita kimoja tu kilikuwa kimelipua soko la nguo. Watu thelathini na mmoja walizikwa, wengine nusunusu.

"Dada! Damu! Niongezee damu!" sauti ilifoka masikioni mwake.

Huyo alikuwa Ngao. Jina lake halisi hakuna aliyelijua. Mjumbe mmoja wa magendo alikuwa amekufa mikononi mwa idara bila kutaja kitu, ila simu yake ilikuwa na jina hilo moja na jina la mchezo wa kompyuta. Basi Sindano akatumwa mchezoni kumtafuta. Alimpata, akajiunga na kikosi chake, na leo ulikuwa mwezi wa saba wanaua majoka pamoja.

Walikuwa wanne. Mpiga upinde na mchawi walishambulia kwa mbali. Ngao alikuwa mlinzi, jitu la deraya linalosimama mbele na kupokea mapigo ya wote. Sindano alikuwa mganga, mwenye kanzu nyeupe, anayewatibu wenzake na kuanguka kwa pigo moja. Kwa hiyo walikuwa na sheria yao. Mganga akipiga kelele kuwa amevamiwa, mlinzi anaacha kila kitu na kwenda kusimama mbele yake. Kwa miezi saba Ngao hakuwahi kuchelewa hata mara moja.

Sindano alipitisha mkono nyuma ya kompyuta, akachomoa waya wa mtandao. Akahesabu hadi nane. Akaurudisha.

Kwenye skrini wenzake wote watatu walikuwa maiti.

"Kompyuta imeganda tena," akasema kwa unyonge. "Nisameheni jamani."

Mpiga upinde alitukana akaondoka. Mchawi akamfuata. Ngao akabaki, kama kawaida yake.

"Dada, hicho kikopo chako kitatumaliza."

"Naenda dukani sasa hivi, mdogo wangu. Nimeona moja ina taa za rangi kila upande, mpaka kwenye feni."

"Taa? Unanunua kompyuta au unapamba harusi?"

Sindano alijua ujinga kama huo ungemuuma.

"Sikiliza," Ngao akasema. "Unaanza na kadi ya michoro, hiyo ndiyo inabeba mchezo. Halafu prosesa ya kuendana nayo. Ram isipungue giga kumi na sita. Na pawa saplai, dada, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani, watu wanaisahau! Kadi kubwa ukiipa pawa saplai ndogo, ukicheza kidogo tu inazima. Wale wa dukani watakuuzia hivyohivyo huku wanakuchekea."

"Sasa mimi nitajuaje hayo yote?"

"Usiende." Alishusha sauti. "Nimekuundia moja. Wiki tatu sasa, naifanya nikimaliza kazi. Nilitaka kukushtukiza."

"Niletee basi."

"Leo sitoki, tuna mzigo. Njoo wewe uichukue. Ila Mjomba, bosi wangu, asijue, amenikataza kabisa kumwonyesha mtu hapa."

Akamwelekeza. Mtaa, kona, duka la matairi, geti la kijani la karakana yao ya kompyuta. Alimwambia hata kengele haifanyi kazi, agonge.

Sindano aliandika kila neno. Mara hamsini na kitu alikuwa amechomoa ule waya, akimlia huyu kijana kuhusu kompyuta mbovu. Hakujisikia vibaya. Alijisikia kama mtu aliyepata usafiri.

Saa tano kasoro dakika kumi aliegesha Toyota yake nyeupe mbele ya duka la matairi. Ndani ya koti alikuwa na bastola, Glock 19. Sikioni alikuwa na kidude cha mawasiliano kidogo kuliko punje ya hindi.

"Paa, uko wapi?"

"Ghorofa ya nne, ng'ambo ya barabara," akajibu mdunguaji wa idara. "Naliona geti. Lori moja ndani, wapakiaji watatu wanapakia makasha. Kikosi kiko dakika kumi na tano."

"Wakivamia bila kujua vifyatuzi viko kwenye makasha yapi?"

"Mkuu anasema kila kasha linaweza kuwa limetegwa. Yatambue kwanza."

"Sawa. Anayetoka mpige miguu."

"Na asiyetoka?"

"Huyo niachie mimi."

Aligonga. Geti likafunguliwa na kijana mnene wa miaka ishirini na kitu, kandambili miguuni, bisibisi nyuma ya sikio. Alikuwa mfupi kuliko Sindano. Alimtazama kwa wasiwasi mpaka aliposikia salamu, hapo uso mzima ukafunguka.

"Dada! Sauti ni ileile!"

Alisahau kumpa mkono. Alimkimbiza pembeni, nyuma ya rafu za nyaya, mpaka kwenye meza yake. Kompyuta ilikuwa pale, nyeusi, haina taa hata moja. Ngao aliifuta kwa shati lake.

"Kimya kabisa hii. Weka mkono, hata hutasikia feni. Hiyo kadi niliitoa kwenye yangu."

"Na wewe utatumia nini?"

"Nitapata nyingine. Mlinzi hahitaji kuona vizuri, anapigwa tu." Alicheka mwenyewe.

Sindano alikuwa anatazama juu ya bega lake. Makasha ya kompyuta yalipangwa hadi darini, kama mia mbili, yote ya aina moja.

"Zote hizi umeziunda wewe?"

Ngao akakunja uso. "Zote isipokuwa zile kumi na mbili zenye gundi ya bluu. Hizo zilikuja zimefungwa. Nilifungua moja nikaona aibu, dada. Kadi inayokula wati mia tatu na ishirini, wamewekea pawa saplai ya mia mbili! Tena nzito ajabu, sijui wamejaza nini. Nikamwambia Mjomba wateja watatutukana. Akaniambia nifunge domo langu."

Hakujua. Yaani hakujua kitu kabisa. Sindano alimtazama vizuri usoni kuhakikisha, na hapo moyo ukamchoma, mara ya kwanza katika miezi saba.

"Kumi na mbili, gundi ya bluu," alisema polepole, kama anayejisemea.

"Nimekupata," Paa alinong'ona. "Kikosi kinakuja."

"Nani huyu?"

Mjomba alikuwa amesimama mwisho wa rafu, mzee nadhifu mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Nyuma yake alikuwepo mgeni wa suti ya kijivu, mnunuzi, ambaye picha yake ilikuwa ofisini kwa Sindano tangu siku ya soko.

"Mjomba, usikasirike," Ngao alianza. "Huyu ndiye mganga wetu. Wa kwenye mchezo. Amekuja mara moja tu, anachukua..."

"Umemwelekeza wewe?"

"Ndiyo, lakini..."

"Nilikukataza nini, mpwa wangu?"

Mgeni alirudi nyuma hatua mbili, kisha akageuka na kukimbia. Mjomba hakuwa mjinga. Mkono wake uliingia mfukoni na kutoka na bastola.

Bastola ya Sindano ilikuwa bado chini ya koti lenye vifungo. Alihitaji sekunde moja, na sekunde hiyo hakuwa nayo. Angeweza kujitupa nyuma ya meza. Pengine angepona, pengine asingepona.

Alichagua njia nyingine.

"Ngao! Nimevamiwa!"

Aliita kwa sauti ileile ya mchezoni, na alijua kitakachotokea. Ndiyo maana aliita.

Kijana hakufikiri. Kandambili moja ilibaki pale alipokuwa amesimama. Alijaa mbele yake, mikono ameitanua, na risasi mbili za mjomba wake zikampata tumboni.

Sindano alipata sekunde yake.

Alipitisha Glock chini ya kwapa la Ngao, akafyatua mara mbili. Miwani ya Mjomba ilipasuka, na Mjomba akakaa chini taratibu, akaegemea makasha, akafa.

"Mgeni anatoka," sauti ya Paa. Mlio mmoja mkavu ukasikika barabarani. "Yuko chini. Hai."

Ngao alikuwa ameanguka chali. Alishika tumbo, akatazama viganja vyake, kisha akamtazama Sindano.

"Dada, umepigwa?"

"Hapana."

"Afadhali," akasema. "Nibane hapa basi. Nibane."

Lori likanguruma nje. Dereva alikuwa ameamua kuondoka na kilichokwisha kupakiwa, na miongoni mwa makasha hayo, matano yalikuwa na gundi ya bluu. Sindano alitazama damu, akatazama mlango. Akaruka juu ya miguu ya kijana, akakimbia.

Alitoboa matairi mawili, kisha akamtoboa dereva bega. Kikosi kilipofika kilikuta wapakiaji wamelala kifudifudi. Kasha la kwanza la bluu likafunguliwa kwa uangalifu. Ndani ya pawa saplai, palipostahili kuwa na nyaya, vifyatuzi ishirini vilipangwa kama mayai.

Yote kumi na mawili yalipatikana. Hakuna kifyatuzi hata kimoja kilichopungua.

"Gauni limenitosha," Sindano aliripoti.

"Hongera," Mkuu akajibu. "Polisi wa kawaida wanakuja. Usionekane na mtu, usijulikane na mtu."

Gari la wagonjwa lilitangulia. Muuguzi mwanamke alitoka na machela yenye Ngao juu yake. Uso umekuwa wa majivu, macho wazi.

"Nani ndugu yake?" muuguzi aliuliza kwa haraka. "Hospitali iko dakika ishirini. Namfunga jeraha, nahitaji mtu wa kumsemesha asilale. Akilala namkosa. Nani anamjua?"

Wapakiaji walikuwa wamefungwa pingu. Kikosi kilikuwa kimeshapanda magari. Muuguzi alimtazama mwanamke mwenye koti.

"Wewe dada, ni nani wake?"

Ngao aligeuza shingo kwa shida. Alikuwa anatabasamu. Alikuwa na uhakika kabisa.

"Simjui," Sindano akasema. "Nilikuja kununua kompyuta."

Ngao alisikia. Tabasamu halikuondoka mara moja, lilikawia kidogo usoni kama mtu asiyeelewa alichoambiwa. Kisha akayarudisha macho juu, na akayafumba mwenyewe.

"Kaka! Usilale, kaka! Kaka, jina lako nani? Kaka!"

Mlango wa gari ukafungwa kwa kishindo. Sindano alifunga kifungo cha juu cha koti, akavuka barabara kuelekea kwenye Toyota yake, mwendo wa mtu aliyemaliza shughuli zake za asubuhi. Hakugeuka nyuma. Alijua akigeuka angepanda lile gari.